Kabla ya kununua ovaloki, geuza nguo zako ndani nje

Nimeshona nyumbani miaka mingi bila ovaloki, ile mashine ya kukata na kumalizia kingo za mishono zisifumuke, na hakuna aliyenirudishia nguo. Sasa ninayo, na siiachi. Yote mawili ni kweli, kwa hiyo twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1. Chukua nguo tatu za mwisho ulizoshona, uzigeuze, utazame kingo za mishono. Kama kazi yako ni mapazia, mashuka na nguo zenye bitana, kingo zimejificha. Ovaloki itakaa ikila vumbi. Kama ni fulana, nguo za watoto au kitambaa kinachotoa nyuzi ukikigusa tu, endelea.

Hatua ya 2. Jaribu kwanza ulichonacho. Piga zigizaga ukingoni, fua kipande hicho mara mbili tatu, uone kama kinafumuka. Kwa kitambaa chepesi, shona upande wa nje, punguza ukingo, geuza, kisha shona tena kwa ndani ili ukingo ufungiwe humo. Unapendeza kuliko ovaloki yoyote.

Hatua ya 3. Ijue kazi yake. Kwa mpito mmoja kisu kinakata ukingo, sindano zinashona, na ndoano mbili zinauzungushia ukingo uzi. Haina bobini, nyuzi zote hutoka kwenye koni. Nyingi za nyumbani hutumia nyuzi 3 au 4: tatu kumalizia ukingo, nne kuunganisha na kumalizia kwa pamoja. Lakini haitoboi vitundu vya vifungo wala haiweki mfuko katikati ya kitambaa. Cherehani yako haiendi popote.

Hatua ya 4. Ukienda kuiangalia, usikubali kuonyeshwa ikiwa imeshatungwa. Omba nyuzi zitolewe, utunge mwenyewe. Hapo ndipo wengi hukata tamaa. Anza na ndoano ya juu, kisha ya chini, sindano mwisho. Ukitunga ndoano ya chini wakati sindano zina uzi tayari, uzi hukatika mara tu unapoanza, na utailaumu mashine bure. Halafu jaribu kwa fulana kuukuu uliyokuja nayo, si kile kitambaa kigumu cha muuzaji. Mshono ukitoka na mawimbi, mwambie arekebishe mwendo wa meno ya kuvuta kitambaa. Kama hayarekebishiki, ondoka.

MASWALI

Mwalimu, ina maana ninunue koni nne za kila rangi?
Hapana, mpendwa. Uzi unaochungulia nje ukivuta mshono ni wa sindano. Huo ulingane na kitambaa. Ndoano zipe kijivu, nyeupe au nyeusi.

Pini je?
Zitoe kabla hazijafika kwenye kisu, au tumia klipu. Mimi niliharibu kisu siku ya kwanza kwa pini moja, na kipande cha chuma kinaweza kukurukia jichoni.

Nikikosea nafumua tu?
Uzi unafumuka, kitambaa kilichokatwa hakirudi. Nguo inayobana iunge kwanza kwa cherehani, mishono mirefu, uivae. Ikikukaa ndipo uipeleke kwenye kisu.

Cherehani yangu inashona mstari ulionyooka tu, haina zigizaga. Nianze na ipi?
Cherehani yenye zigizaga. Ovaloki baadaye.