Statini: kidonge usichokisikia mwilini

Nauza dagaa mwaloni Kirumba. Mwaka juzi mshipa mmoja wa moyo uliniziba nikiwa nashusha magunia. Nilizibuliwa, nikarudi nyumbani na mfuko wa dawa. Iliyonisumbua ni statini: ukiimeza husikii kitu, ukiiacha husikii kitu. Nawaandikia wenzangu mliotoka kliniki na atorvastatini, aina mojawapo ya statini, ya miligramu 40 au 80.

Jua kwanza unameza ya nini. Inazuia ini kutengeneza lehemu (kolesteroli). Ini likipungukiwa, linaivuta ile mbaya, LDL, kutoka kwenye damu. Mafuta yaliyoganda ukutani mwa mshipa yanatulia, hayapasuki ovyo. Yakipasuka, damu inaganda hapo, njia inaziba, na msuli wa moyo unakufa.

Eko yangu, kipimo kinachoonyesha moyo unasukuma damu kiasi gani, ilipanda kutoka asilimia 42 hadi 52 ndani ya miezi sita. Nikaisifu statini, daktari akacheka. "Mzee wangu, umezibuliwa mshipa na unameza dawa tano, sifa unampa mmoja?" Akaniambia tafiti mbili kubwa za rosuvastatini, statini nyingine, za 2007 na 2008, kwa watu ambao moyo umeshachoka kusukuma damu, hazikuonyesha dawa ikipunguza vifo vya kutosha kuisifu. Ila utafiti wa simvastatini wa Skandinavia wa 1994, wagonjwa 4,444 wa mishipa ya moyo, vifo vilipungua kwa karibu theluthi. Ndiyo kusema statini hailei moyo uliochoka. Inakinga mshipa usizibe tena.

Saa ya kumeza si tatizo. Atorvastatini wakati wowote, simvastatini usiku. Mimi vidonge vyangu vinakaa kwenye kikombe cha mswaki.

Usiache kwa sababu unajisikia mzima. Nilivuka kwenda Ukerewe msibani, nikakaa wiki sita bila dawa, dagaa nabeba kama kijana. Niliporudi kupima, LDL iliyokuwa 1.7 mmol/L imefika 3.9. Hakuna kilichoniuma hata siku moja.

Maumivu ya misuli sasa, maana hapa ndipo wengi wanatupa dawa. Sisi wabeba magunia tunaumwa kila siku. Maumivu ya gunia yapo bega ulilobebea, ukipumzika yanaisha. Ya statini mara nyingi yanashika mapaja yote mawili, au mabega yote, na hujui umefanya nini. Hapo rudi kwa daktari: atapunguza dozi au atabadilisha aina. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Duka la dawa, kabla hujanunua antibiotiki kama eritromaisini au klarithromaisini, sema unatumia statini, maana zinagombana. Anayetumia ARV aseme pia, zipo zinazogombana nayo. Balungi nalo linagombana na baadhi ya statini; nimeliacha, sikulipenda hata zamani.

Pima lehemu kati ya wiki 4 na 12 baada ya kuanza au kubadilishiwa dozi. Majibu yangu nayaandika nyuma ya daftari la madeni, maana hilo silipotezi.