Ngozi ya Kucha Ikikauka na Kupasuka: Somo la Mikono Inayoshinda Majini

Asalaam aleikum wapenzi. Kuna mikono hapa Lamu haikauki tangu alfajiri: udhu mara tano, kupaa samaki, kukuna nazi, kufua, kuosha vyombo, na kila kazi ikiisha ni sabuni. Kunawa hatuachi, maana ndiko kunakotukinga na kuhara na kipindupindu. Shida ni kwamba tunanawa tukaenda zetu, ngozi tumeiacha tupu.

Kile kigozi chembamba kilichoshika mzizi wa kucha kazi yake ni kama kalafati ya jahazi: kinaziba pale kucha inapokutana na nyama, maji na vijidudu visipenye. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, pH karibu 5 (pH ni kipimo cha uchachu: namba ikipanda, uchachu hupungua). Sabuni ya mche hufika 9 au 10, nayo huondoka na uchafu pamoja na mafuta ya mwili. Wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi huumia zaidi, kwa sababu povu halitoki upesi na mtu huzidisha sabuni.

Hatua ya 1: kunawa. Tumia maji ya baridi au vuguvugu. Sekunde 20 zatosha. Suuza mpaka utelezi uishe, na pete uivue, sabuni hujificha chini yake.

Hatua ya 2: kukausha. Bonyeza kwa kitambaa laini, usisugue. Bakisha unyevu kidogo.

Hatua ya 3: mafuta. Hapa ndipo penye somo lenyewe. Mafuta hayaleti maji, huyazuia tu yaliyomo ndani ya ngozi yasitoke. Ukingoja nusu saa, ngozi imeshakauka na huna cha kuzuia. Basi paka papo hapo. Tia tone la mafuta ya nazi kwenye mzizi wa kila kucha, kisha kwa kidole gumba cha mkono wa pili zungusha polepole, ukifika pembe zote mbili, mpaka ule ukingo mweupe uliosimama ulale na kurudia rangi ya ngozi. Mafuta ya simsim yanafaa pia. Palipopasuka hasa, mimi nachagua mafuta ya mgando yasiyo na manukato, hayo ndiyo huziba kuliko yote. Mafuta yaliyotiwa karafuu au asumini yaacheni, kwenye mpasuko yanachoma.

Kichupa kikae pale pale penye sabuni. Kikiwa chumbani, hutakifuata.

Hatua ya 4: usiku. Paka mgando mzito, uvae soksi safi za pamba mikononi. Joto la kaskazi likizidi, funga vile vidole vibaya tu kwa kipande cha leso kuukuu.

Hatua ya 5: mkasi. Kigozi kizima usikikate wala usikitafune. Kilichochanuka, kata ile ncha iliyolegea kwa mkasi uliopanguswa kwa spiriti; ukikivuta kitachana mpaka kwenye nyama. Na vyombo vioshwe kwa glavu za mpira.

Ngozi hulainika baada ya wiki moja au mbili. Mabonde kwenye kucha yenyewe yanataka subira, kwani kucha ya mkono huota kama milimita 3 tu kwa mwezi.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada, nikipaka mafuta, udhu wangu unasihi?
Mafuta yaliyoingia ngozini hayazuii maji kufika. Mgando uliobaki kama tabaka, upanguse kwanza. Rahisi zaidi ni kupaka baada ya kila swala, na ule mzito uuweke baada ya isha.

Shangazi ameniambia nisugue ndimu na chumvi. Nifanye?
Mheshimu shangazi, lakini hilo usifanye, mwanangu. Ndimu huchoma penye mpasuko, na ikipigwa na jua ngozini huweza kubabua na kuacha madoa meusi.

Nina harusi ya ndugu yangu, vidole vimepasuka. Nitie piko?
Ngoja vipone. Hina safi ya majani ina afadhali, lakini piko nyeusi mara nyingi hutiwa dawa ya kupaka nywele, ambayo huweza kutoa malengelenge hata kwenye ngozi nzima.

Mimi nasafisha kamba sokoni. Kidole kimevimba pembeni mwa kucha, kinapwita, na naona usaha.
Pole sana kaka, huo ni mdudu wa kidole. Kitie kwenye maji vuguvugu kwa dakika 15, mara tatu au nne kwa siku, wala usikitumbue nyumbani. Usaha umeshaonekana, kwa hiyo nenda zahanati ukakamuliwe kwa kifaa safi. Ukiwa na kisukari, au homa, au mstari mwekundu unaopanda mkononi, nenda leo hii.

Wangu hauna usaha, lakini vidole vitatu vimevimba miezi sasa na kile kigozi kimetoweka.
Hiyo huwapata sana wapishi na waosha vyombo. Mara nyingi fangasi nao huwa wameingia, na mafuta peke yake hayatatosha. Muone daktari akupe dawa ya kupaka, na mpaka upone, usitie mkono majini bila glavu. Vaa za pamba ndani, za mpira juu.