Namna ya Kujibu Tangazo la Madai la Shauri la Kundi la Marekani Ukiwa Iringa

Katika mkoa wa Iringa wapo watu wengi kuliko inavyodhaniwa ambao wamewahi kuishi Marekani kwa mwaka mmoja, miwili au zaidi. Uhusiano wa KKKT Dayosisi ya Iringa na Sinodi ya Eneo la Saint Paul huko Minnesota, unaofahamika kwa jina la Bega kwa Bega, umejenga njia ya kwenda na kurudi, na wapo pia waliokwenda kwa ufadhili wa masomo au kwa kazi. Mtu akiwa kule hufungua akaunti ya benki, hununua laini ya simu, hupanga chumba na huacha jina lake katika kumbukumbu za kampuni ambazo huenda hatazikumbuka tena. Kisha akiwa amesharudi Kihesa au Mafinga, anaendelea na shughuli zake, anapokea barua pepe ndefu ya Kiingereza cha kisheria inayomwambia kwamba yeye ni mmoja wa watu walioguswa na shauri fulani na kwamba anaweza kudai malipo.

Wengi huifuta barua hiyo, nami niliifuta ya kwanza niliyoipata. Ya pili ilitumwa kwa karatasi kwenye anwani yangu ya zamani kule Minnesota, ikakaa kwa wenyeji wangu hadi walipopata mgeni wa kuja Iringa, na nilipoifungua tarehe ya mwisho ilikuwa imepita kwa wiki saba. Nilikuwa na haki ya malipo hayo, lakini hakuna aliyewahi kunieleza jinsi mambo hayo yanavyokwenda, na ndiyo maana ninayaeleza hapa kwa kirefu.

Shauri la kundi ni kesi ambayo watu wachache huifungua kwa niaba ya wengine wote waliopata madhara ya aina moja kutoka kwa mdaiwa yule yule. Sheria yetu ina jambo linalokaribia hilo, kwani Amri ya I, Kanuni ya 8 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inaruhusu baadhi ya watu kushitaki kwa niaba ya wenzao wenye maslahi yale yale, baada ya kupata kibali cha mahakama na baada ya wahusika kupewa taarifa. Kule Marekani, chini ya Kanuni ya 23 ya mashauri ya madai ya mahakama za shirikisho, shauri la kudai fidia huwa na utaratibu ambao mgeni hautarajii: ukiwa na sifa zilizotajwa, wewe umo ndani ya kundi hata kama hukuwahi kusikia habari za kesi hiyo, na unabaki ndani hadi useme kwamba unajitoa. Kwa hiyo kukaa kimya ni jibu lenye matokeo. Mara nyingi asiyejibu hapati fedha, na wakati huo huo anafungwa na makubaliano ya kumaliza kesi kati ya kundi na mdaiwa, yaani hawezi tena kumshitaki mdaiwa huyo kwa jambo lile lile.

Kabla ya kujaza chochote, hakikisha kwamba tangazo ni la kweli, na usifanye hivyo kwa kubofya kiungo kilichomo ndani ya barua yenyewe. Tafuta namba ya shauri, ambayo tangazo halali huitaja pamoja na jina la mahakama. Shauri la watumiaji wa Facebook kuhusu taarifa zao binafsi, lililomalizwa kwa dola milioni 725, lina namba 3:18-md-02843-VC, na kila sehemu ya namba hiyo ina maana yake. Tarakimu ya kwanza inaonyesha ofisi ya mahakama ndani ya kanda, ambayo hapa ni San Francisco. 18 ni mwaka 2018. Herufi md zinaonyesha kwamba ni mashauri yaliyokusanywa kutoka mahakama mbalimbali na kupelekwa kwa jaji mmoja. 02843 ni namba yenyewe. Na VC ni herufi za kwanza za jina la jaji, Vince Chhabria. Ukiwa na namba kama hiyo, fungua mwenyewe tovuti ya CourtListener, ambayo huweka bure nyaraka nyingi za mahakama za shirikisho, kisha uitafute. Ukipata amri ya jaji ya kuidhinisha makubaliano kwa awali, isome hadi umwone msimamizi wa madai aliyeteuliwa, yaani kampuni inayopokea madai na kuyashughulikia, kwa mfano Angeion Group, Epiq, Kroll au JND, na ulinganishe jina hilo pamoja na anwani ya tovuti ya madai na yale yaliyomo katika barua yako. Mashauri ya mahakama za majimbo huenda usiyakute huko. Kwa hayo, tafuta tovuti ya mahakama ya jimbo husika na uanzie hapo.

Alama moja ya utapeli haina ubishi, nayo ni kuombwa fedha. Katika malipo halali hakuna ada ya fomu, hakuna kodi ya kulipa kwanza, wala hakuna gharama ya kutoa hundi. Hata mawakili wa kundi hulipwa kutoka katika mfuko wa makubaliano, au na mdaiwa, kwa kiasi ambacho jaji amekikubali. Tumezoea hapa nyumbani ujumbe wa kutuma fedha kwenye namba fulani, na ukiletewa ujumbe wa simu unaodai kwamba fidia yako ya Marekani imefika na inasubiri ada ya kuitoa, usiujibu, bali uripoti kwa TCRA kupitia namba 15040.

Tangazo likithibitika, jambo linalofuata ni kusoma maelezo ya kundi, na hapa ninaomba msomaji atulie, kwa sababu makosa mengi hutokea katika aya hiyo moja. Maelezo hayo hutaja mahali, kipindi na aina ya watu. Katika shauri la Facebook kundi lilikuwa watumiaji waliokuwa Marekani wakati wowote kati ya tarehe 24 Mei 2007 na tarehe 22 Desemba 2022. Mtu aliyetumia Facebook akiwa Makambako tu hakuwemo, hata kama akaunti yake ilikuwa ya siku nyingi. Aliyesoma Minnesota kuanzia 2014 hadi 2016 huku akiitumia akaunti hiyo alikuwemo, ijapokuwa tangazo lilimkuta akiwa amesharudi. Shauri la Yahoo kuhusu wizi wa taarifa, lililomalizwa kwa dola milioni 117.5, lilihusu wakazi wa Marekani na Israel waliokuwa na akaunti katika kipindi cha 2012 hadi 2016. Kwa hiyo chukua pasipoti yako, angalia mihuri ya kuingia na kutoka, na ulinganishe tarehe hizo na kipindi kilichotajwa. Kumbukumbu ya kichwani haitoshi.

Wapo watu wanaojitolea kuwajazia wengine fomu hizi kwa makubaliano ya kugawana malipo, na hawajali kama mwenye jina aliwahi kufika Marekani. Jambo hilo ni baya na ni la hatari. Fomu ya madai kwa kawaida husainiwa kwa tamko linalobeba adhabu ya kiapo cha uongo, na madai ya uongo hupunguza fungu la waliopata madhara kweli. Kama huna sifa, liache.

Ukiwa na sifa, una njia nne. Unaweza kudai malipo. Unaweza kujitoa ili ubaki na haki ya kushitaki mwenyewe. Unaweza kubaki ndani ya kundi na kumwandikia jaji pingamizi kwamba makubaliano hayafai. Au unaweza kunyamaza, kwa matokeo niliyokwisha kuyaeleza. Kwa mtu aliye Iringa, ambaye dai lake ni la dola chache na ambaye hana mpango wa kumlipa wakili wa Marekani, kujitoa hakuna faida. Hali hubadilika ukiwa umepata hasara kubwa unayoweza kuithibitisha, kwa mfano fedha zilizotolewa katika akaunti yako na mtu aliyeiba taarifa zako. Hapo tafuta ushauri wa wakili kabla tarehe ya kujitoa haijapita, maana tarehe hiyo mara nyingi hutangulia ile ya kuwasilisha madai.

Kuhusu tarehe, kuna mitego mitatu. Wamarekani hutanguliza mwezi, kwa hiyo 07/08 ni tarehe 8 Julai, si tarehe 7 Agosti. Pili, 11:59 PM ni saa tano na dakika hamsini na tisa usiku kwa saa zetu za Kiswahili, wala si saa kumi na moja. Tatu ni tofauti ya majira: saa za Pasifiki huwa nyuma yetu kwa saa kumi wakati wa kiangazi chao na saa kumi na moja wakati wa baridi, hivyo mwisho wa usiku wa manane wa California mwezi Julai ni karibu saa nne asubuhi ya siku inayofuata hapa Iringa. Usiutegemee muda huo wa nyongeza, kwa kuwa umeme na mtandao havina ahadi. Tofautisha pia maneno yanayotaka barua iwe imegongwa muhuri wa posta kufikia tarehe fulani na yale yanayotaka iwe imepokelewa kufikia tarehe hiyo. Kwa barua inayotoka kwetu, tofauti hiyo inaweza kuwa ya wiki kadhaa, na ndiyo sababu ninashauri kujaza kwenye tovuti kila inaporuhusiwa.

Fomu nyingi huomba namba ya utambulisho wa dai na neno la siri vilivyomo katika tangazo. Ukiwa umevipoteza, mwandikie msimamizi kupitia tovuti yake, ukitaja jina lako kama lilivyokuwa katika akaunti ya wakati ule pamoja na anwani ya zamani. Sisi tuna majina matatu, na kule la mwisho huchukuliwa kuwa la ukoo huku la kati likibaki herufi moja au likiachwa kabisa; jaza jina kama lilivyoandikwa na kampuni, kisha eleza kwamba pasipoti ina jina kamili. Usitume namba yako ya hifadhi ya jamii ya Marekani kwa barua pepe hata kidogo. Kama fomu inaihitaji, ijazwe ndani ya tovuti uliyokwisha kuithibitisha. Kuhusu tamko la kiapo, si lazima kumlipa mtu akugongee muhuri pale ambapo fomu inataka tamko lako tu: sheria ya Marekani, kifungu cha 1746 cha Sura ya 28, inakubali tamko lililosainiwa nje ya nchi hiyo bila ofisa wa viapo, mradi litaje kwamba limetolewa chini ya adhabu ya kiapo cha uongo kwa sheria za Marekani na liwe na tarehe.

Mwenye haki akiwa amefariki, dai mara nyingi huweza kuwasilishwa na msimamizi wa mirathi. Hati ya usimamizi iliyotolewa na Mahakama ya Mwanzo kwa Kiswahili itafsiriwe kwa Kiingereza, na nakala zote mbili ziambatanishwe. Nimeona wajane wakiziweka barua hizi kabatini kwa kudhani kwamba haki ilikwisha na marehemu, na inauma kuliona jambo hilo.

Usipige hesabu ya fedha mapema. Katika makubaliano ya Equifax ya 2019, yaliyotokana na kuvuja kwa taarifa za watu wapatao milioni 147, ilitajwa dola 125 kwa mtu aliyechagua fedha kwa kuwa tayari alikuwa na huduma ya kufuatilia mikopo, yaani ile inayomjulisha mtu pale mwingine anapojaribu kukopa kwa jina lake. Fungu la malipo hayo lilikuwa dola milioni 31, ambazo zingetosha watu 248,000 tu kwa kiwango hicho. Waliodai walizidi sana idadi hiyo, na Tume ya Biashara ya Shirikisho ikalazimika kutangaza kwamba kila mmoja angepata kiasi kidogo zaidi. Kwa mtu aliyerudi nyumbani na asiyekopa tena kule, huduma ya kufuatilia mikopo haina matumizi makubwa, kwa hiyo pale anaporuhusiwa kuchagua, fedha hata zikiwa kidogo zinaweza kumfaa zaidi.

Chagua njia ya malipo kwa uangalifu kuliko sehemu nyingine yoyote ya fomu. Hundi ya dola inayotumwa kwa S.L.P. yako inaweza kufika ikiwa imekaribia kuisha muda, kwa kuwa nyingi huandikwa kwamba zitakuwa batili baada ya siku 90 au pungufu, na benki yako huenda ikataka wiki kadhaa na ada ya kuikusanya. Iulize benki kabla ya kuchagua. Kama bado unayo akaunti ya Marekani iliyo hai kwa jina lako, itumie hiyo. Ukikamilisha, piga picha ya ukurasa wa uthibitisho wenye namba ya dai, uitume kwenye barua pepe yako mwenyewe, na kila unapohama au kubadilisha anwani mjulishe msimamizi kwa kutaja namba hiyo. Malipo husubiri idhini ya mwisho ya jaji, na kukiwa na rufaa yanaweza kuchukua mwaka au zaidi, hivyo tembelea tovuti ya shauri kila baada ya miezi miwili mitatu uone kama tarehe ya kulipa imetangazwa.