Somo: kuitoa pepa yako ya samaki kwenye laptopu mpaka ifike jaridani (mfano dagaa wa Ziwa Victoria)

Wadau salama? Wengi mnauliza kuhusu kuchapisha kwenye majarida ya sayansi ya maji, hasa nyie mliomaliza masters na data za ziwani au baharini zimelala tu kwenye laptopu. Leo nalimwaga lote. Mfano wangu utakuwa dagaa wa Ziwa Victoria maana ndo data watu wengi wa Mwanza, Musoma na Bukoba wanazo, ila wewe wa mwani, matumbawe, kaa au ubora wa maji njia ni hiyo hiyo.

Niseme mapema msimamo wangu: pepa zetu nyingi hazifi kwa sababu ya Kiingereza. Zinafia mezani kwa edita, rivyua (mtaalamu anayeikagua pepa kwa niaba ya jarida) hajaziona hata kwa macho, kwa sababu zimeandikwa kama ripoti ya mradi, yaani tulienda ziwani, tukapima dagaa, tukapata hiki, asanteni. Edita anajiuliza, sawa, na mtu anayefanya kazi Ziwa Malawi au Kariba aisome ya nini? Kama huna jibu la hilo usifungue Word kwanza.

Hatua ya 1, sentensi moja. Andika kwa Kiswahili cha kawaida kabisa ulichogundua na kinamgusa nani. Mfano: "Dagaa wanaovuliwa karibu na ufukwe ni wadogo kuliko wa maji ya mbali, kwa hiyo kuzuia uvuvi wa karibu kungeokoa wachanga." Hiyo ni pepa. "Tathmini ya dagaa wa Ziwa Victoria" hiyo siyo pepa, hicho ni kichwa cha folda. Ukishindwa kuiandika hiyo sentensi rudi kwenye data, kaa nazo, ongea na mwenzio, usilazimishe.

Hatua ya 2, chagua jarida KABLA ya kuandika. Watu wanafanya kinyume, wanaandika pepa alafu wanaanza kuitembeza. Mambo ya bahari ya huku kwetu kuna Western Indian Ocean Journal of Marine Science la WIOMSA (chama cha sayansi ya bahari cha Magharibi mwa Bahari ya Hindi), makao yao yako Zanzibar. Maji baridi kuna African Journal of Aquatic Science la Afrika Kusini, kuna Hydrobiologia, na kuna Journal of Great Lakes Research, hili wengi wanadhani ni la maziwa ya Marekani na Kanada tu kumbe linapokea pia kazi za maziwa makubwa ya Afrika. Fungua matoleo ya karibuni, soma pepa kama tano zinazofanana na yako, kisha jiulize, hawa waandishi wamejibu swali la ukubwa gani? Kama zote zina data za miaka kumi na wewe una miezi mitatu, tafuta jarida lingine au iandike kama taarifa fupi, majarida mengi yana sehemu hiyo na hakuna aibu.

Na hapa hapa mchunguze mtapeli. Ukiona imeli inakuita "Profesa Mheshimiwa" na bado hujamaliza masters, wanaahidi jibu ndani ya siku tatu, wanapokea kuanzia meno mpaka madaraja, na hela wanataka kabla pepa haijasomwa na mtu, kimbia. Angalia kama jarida lipo kwenye DOAJ (orodha ya mtandaoni ya majarida yanayosomwa bure), au AJOL kwa majarida ya Afrika, na uangalie bodi ya maedita, je ni watu unaowajua kwa kazi zao? Kutokuwepo kwenye orodha peke yake siyo ushahidi wa utapeli, ila dalili zikiwa nyingi wewe jiongeze.

Hatua ya 3, grafu na majedwali kwanza, maneno baadaye. Hapa nakaa kidogo maana ndo pepa nyingi za samaki zinapochinjwa.

Tuseme umefanya uhusiano wa urefu na uzito, ile W = aL^b (W ni uzito, L ni urefu, a na b ni namba unazozipata kwenye data). Umepata b ni 2.87, fasta ukaandika "dagaa wanakua kwa alometria hasi" (yaani uzito unaongezeka taratibu kuliko urefu ungetarajia) kwa sababu 2.87 ni ndogo kuliko 3. Hapana bana. Onyesha wigo wa uhakika wa asilimia 95 (confidence interval). Kama unatoka 2.71 mpaka 3.03, basi 3 imo humo ndani, na huwezi kusema inatofautiana na 3. Rivyua yeyote wa samaki anaenda hapo moja kwa moja. Pili taja vipimo, maana ukipima kwa milimita au kwa sentimita b haibadiliki lakini a inabadilika sana, sasa mtu akija kulinganisha a yako na ya mwingine bila kujua kipimo anapata maajabu. Tatu sema urefu gani, wa mwili mpaka mwanzo wa mkia au mpaka ncha ya mkia. Na walipimwa wabichi au waliotoka kwenye fomalini? Fomalini inasinyaza samaki na kuchezea uzito, kwa hiyo iseme.

Kitu kingine ni desimali. Mizani yako inasoma mpaka gramu 0.01 alafu jedwali linasema wastani wa uzito ni 1.23456. Hizo namba za mwisho umezitoa Eksel, siyo ziwani. Kata. Na ramani iwe na skeli, alama ya kaskazini, nyuzi za latitudo na longitudo, pamoja na kidirisha cha kuonyesha ziwa liko wapi Afrika, maana msomaji wa Brazil haijui Ukerewe.

Hatua ya 4, andika sehemu ya mbinu mtu mwingine aweze kurudia. Dagaa wa Victoria wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wanapumzika, sasa sampuli zako ni za usiku upi wa mwezi? Wavu ulikuwa na matundu ya milimita ngapi? Hii siyo mbwembwe, wavu unachagua ukubwa wa samaki, ukilinganisha ufukweni na maji ya mbali kwa nyavu tofauti basi umelinganisha nyavu. Jina la kisayansi liandike kamili mara ya kwanza: Rastrineobola argentea (Pellegrin, 1904), na hayo mabano usiyaondoe, yanamaanisha jenasi ilibadilika baada ya jina la kwanza. Stolothrissa tanganicae Regan, 1917 haina mabano kwa sababu haijahamishwa. Na usiandike "dagaa" peke yake ukadhani umeeleweka, dagaa wa Kigoma ni samaki wengine kabisa, na wa Pwani wengine tena.

Kibali cha utafiti kitaje na namba yake, Tanzania Bara ni COSTECH, Kenya ni NACOSTI. Siku hizi majarida mengi yanauliza, na kama ulihoji wavuvi eleza uliwaombaje ridhaa.

Hatua ya 5, zilizobaki. Matokeo yaseme ulichopata bila kuhubiri. Majadiliano yaanze na ile sentensi yako ya hatua ya 1, siyo na historia ya sangara kuletwa ziwani, hiyo tumeisoma mpaka tumechoka. Ikisiri iandike mwisho, namba mbili tatu za maana ziwemo, usimalize na "matokeo yanajadiliwa" maana hujamwambia mtu kitu. Maneno ya kutafutia yasirudie yaliyo kwenye kichwa.

Hatua ya 6, kusabmiti kwenyewe. Andaa ORCID (namba ya utambulisho wa mtafiti, ni bure, tarakimu 16), imeli za waandishi wote, kava leta ya nusu ukurasa, na majina ya marivyua unaowapendekeza, wasiwe marafiki zako wala wa chuo chako. Weka namba za mistari mfululizo mpaka mwisho. Kama jarida linawaficha marivyua majina ya waandishi, toa majina kwenye ukurasa wa kwanza, kwenye shukrani, na kwenye sifa za faili la Word ambako watu wanasahau.

Alafu hii ishikeni. Kwenye Editorial Manager (mfumo wa mtandaoni majarida mengi yanaotumia kupokea pepa) ukishapakia mafaili, mfumo unatengeneza PDF na unakusubiri WEWE uifungue na kuikubali. Usipobonyeza kukubali, pepa haijaenda popote. Kuna watu wanasubiri miezi wanamlaumu edita kumbe pepa ipo kwenye akaunti yao wenyewe inawatazama.

Hatua ya 7, majibu yakirudi. "Marekebisho makubwa" siyo kukataliwa, ni mlango umefunguliwa nusu. Nakili kila hoja ya rivyua, jibu chini yake, taja mstari ulipobadilisha. Usipokubaliana naye sema kwa adabu na uweke ushahidi, ila usigombane kwa kila koma. Kama hoja imetokana na yeye kutoelewa, bado rekebisha, maana na msomaji hataelewa.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Kigoma: Dokta shikamoo. Sapavaiza wangu anataka awe mwandishi wa kwanza na data nimekusanya mimi, uandishi mimi, na mkuu wa idara naye anataka awemo. Nifanyeje?

Marahaba. Kwa kawaida pepa inayotoka kwenye tisisi yako mwandishi wa kwanza ni wewe. Usiende kichwa kichwa lakini, mpelekee rasimu ikiwa na jedwali la nani kafanya nini, majarida mengi yanatumia CRediT, mfumo wa kutaja mchango wa kila mwandishi wenye majukumu 14, mwambie "Prof naomba tujaze hili kwa ajili ya jarida." Jedwali litaongea badala yako. Mkuu wa idara kama hakuchangia wazo, data, uchambuzi wala uandishi, nafasi yake ni kwenye shukrani, pamoja na nahodha wa mtumbwi na teknishiani wa maabara, ambao mara nyingi walifanya kazi kuliko yeye (nimenyamaza).

Mwanafunzi wa Morogoro: Hela ya kuchapisha natoa wapi? Nimeona dola elfu mbili nikafunga laptopu.

Fungua tena mdogo wangu. Siyo kila jarida linatoza. Mengi yana njia mbili, ukichagua ile ya kawaida ya wasomaji kulipia, mwandishi hulipi, na unaruhusiwa kugawa rasimu yako kwa masharti yao. Kwa majarida yaliyo wazi kabisa (kila mtu anasoma bure, mwandishi ndiye analipa), Tanzania ipo kwenye orodha ya Research4Life, mpango wa kuzisaidia nchi zenye kipato kidogo kupata majarida, na wachapishaji wakubwa wengi wanasamehe ada kwa nchi hizo. Ila soma masharti, mara nyingi wanaangalia nchi ya taasisi za waandishi, mwenzenu akiwa Ulaya msamaha unaweza kuyeyuka. Omba wakati wa kusabmiti, usingoje ankara ije.

Dada wa Paje: Mimi nina data za wakulima wa mwani, kilo na mahojiano ya kinamama, siyo baiolojia tupu. Nikubaliwe wapi?

Dada yangu hiyo ni kazi nzuri. Jarida la WIOMSA linapokea na mambo ya usimamizi wa pwani, siyo viumbe tu. Ila tenganisha cottonii na spinosum (zile aina mbili za mwani) kwenye data, maana kinachoua cottonii kwenye maji ya joto siyo lazima kiue spinosum kwa kiwango kile kile, na bei zake hazilingani. Ukichanganya "mwani" kwa jumla marivyua watakurudisha.

Mdau wa Kisumu: Boss, naeza tumia ChatGPT kunyoosha Kiingereza?

Kunyoosha lugha majarida mengi yanakubali mradi useme umetumia. Kuiweka kama mwandishi hapana, COPE (kamati ya kimataifa ya maadili ya uchapishaji) walishaliweka wazi 2023, kwa sababu haiwezi kubeba lawama. Na marejeo isikupe, inaweza kukutungia pepa ya omena (ndo dagaa hao hao kwa jina la huko kwenu) ambayo haipo duniani, alafu rivyua ndo mtaalamu wa omena mwenyewe.

Mdau wa Bujumbura: Kaka, mémoire yangu (tisisi) ni ya Kifaransa, juu ya mukeke, samaki wa Ziwa Tanganyika. Nitafsiri yote?

Usitafsiri, andika upya. Mémoire ya kurasa 80 haigeuki pepa kwa kutafsiriwa, ni kuchukua sura moja yenye swali moja. Na kama Kiingereza ni mlima, Cybium la Ufaransa ni la samaki na linapokea Kifaransa.

Mdau mwingine: Naweza kusabmiti majarida mawili, atakayewahi ndo huyo huyo?

Usithubutu. Marivyua wa samaki wa maziwa yetu ni wachache, pepa moja inaweza kumfikia mtu mmoja kutoka pande mbili wiki hiyo hiyo.

Mdau wa Mwanza: Mimi nimekataliwa juzi. Maoni makali kweli. Naituma kwingine kama ilivyo?

Pole mkuu. Acha ikae siku chache hasira zitoke, kisha rekebisha kila kitu walichosema cha kweli kabla hujaituma, hata kama jarida jipya hawajui ilikataliwa. Sababu ni hiyo hiyo niliyomwambia mwenzako hapo juu, rivyua wa kule anaweza kuwa ndiye atakayeipata na huku, na akikuta makosa yale yale aliyokuandikia kurasa tatu, safari hii ataandika mstari mmoja. Alafu badilisha mtindo wa marejeo na jina la jarida kwenye kava leta, maedita wanapokea sana kava leta zilizoandikiwa jirani.