Jeni lengwa za maikroRNA: anza na jina, fikia tishu

MaikroRNA ni RNA fupi inayozima jeni kwa kushikana na RNA mjumbe, yaani nakala ya jeni inayotumika kutengeneza protini; jeni inazozizima ndizo jeni lengwa zake. Kabla hujafungua programu yoyote ya kuzitafuta, andika jina kamili la maikroRNA yako. "miR-21" haitoshi. Andika hsa-miR-21-5p: hsa ni binadamu, na 5p ni mkono wa kitangulizi (RNA ndefu iliyojikunja) ambako molekuli ilikatwa. Mkono wa 3p una mfuatano mwingine, kwa hiyo una jeni lengwa nyingine. Ingia miRBase, kanzidata ya maikroRNA, unakili namba ya utambulisho, ambayo kwa hii ni MIMAT0000076, pamoja na mfuatano wenyewe: UAGCUUAUCAGACUGAUGUUGA. Majina yamewahi kubadilishwa toleo hadi toleo, ndiyo maana mimi hushika namba.

Kisha fanya kazi moja kwa mkono. Kila ninayemfundisha lazima aipitie. Nukliotidi (herufi) ya 2 hadi ya 8 ndiyo mbegu, sehemu inayotambua jeni lengwa, yaani AGCUUAU. Kwenye RNA mjumbe, kinachoshikana nayo ni AUAAGCU. Kikifuatwa na A, hiyo ni 8mer (herufi nane), aina ya mshikamano yenye nguvu zaidi. Chukua jeni PDCD4, fungua eneo la RNA yake lisilotafsiriwa kuwa protini, la ncha ya 3′, utafute herufi hizo. Kanzidata nyingi huandika T badala ya U, kwa hiyo tafuta ATAAGCT. Wanasayansi Victor Ambros na Gary Ruvkun waliuona uhusiano wa lin-4 (maikroRNA) na lin-14 (jeni lengwa yake) kwa kulinganisha mifuatano hivyohivyo. Matokeo yalichapishwa 1993, na 2024 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Sasa nenda TargetScan, programu ya kutabiri jeni lengwa. Chagua spishi, ingiza jina, upakue jedwali zima. Usinakili ukurasa wa kwanza tu. Panga kwa alama ya context++: kadiri inavyokuwa hasi, ndivyo jeni inavyotarajiwa kuzimwa zaidi. Angalia pia kama sehemu hiyo imehifadhika katika mageuko. Pitia miRDB vilevile, nayo ni ya utabiri. Alama zake huanzia 50 hadi 100, na zilizo juu ya 80 ndizo za kuanza nazo.

Wengi hapa huchora duara tatu au nne zinazopishana, kila moja ikiwa orodha ya programu moja, na kubakiza jeni zilizoangukia katikati. Sikubaliani na desturi hiyo. Programu hizi karibu zote hutazama mbegu ileile, kwa hiyo kukubaliana kwao si ushahidi wa mashahidi wanne. Ni shahidi mmoja aliyeulizwa mara nne. Tena kila duara unaloongeza linatupa nje jeni za kweli. Chagua programu moja unayoielewa, weka kiwango cha alama, ukitetee.

Ushahidi wa maabara uko kwenye kanzidata za miRTarBase na TarBase. Soma safu ya njia iliyotumika. Jaribio la lusiferasi (protini inayotoa mwanga, hutumika kupima kama jeni imezimwa) au kipimo cha protini lina uzito. Kuonekana mara moja katika usomaji wa mifuatano kwa wingi ni dokezo. Mwenye orodha ndefu ya maikroRNA atumie kifurushi cha multiMiR ndani ya R (lugha ya programu ya takwimu), kwani huulizia kanzidata nyingi kwa amri moja.

Hatua inayorukwa mno ni tishu. Jeni isiyofanya kazi kwenye seli zako haiwezi kuzimwa humo, hata alama yake iwe nzuri namna gani. Chuja orodha kwa data ya RNA ya seli hizohizo. Hakikisha maikroRNA yenyewe ipo kwa wingi: miR-122 imejaa kwenye ini, lakini kuitafutia jeni lengwa kwenye seli ambamo haionekani ni kupoteza muda. Kama una data ya kabla na baada ya kuiongeza, zipe kipaumbele jeni zilizoshuka.

Ukifika kwenye uchambuzi wa njia za kibayolojia, kwa mfano kwa programu ya g:Profiler, usilinganishe na jeni zote za jenomu. Jeni zenye eneo refu la ncha ya 3′ hutabiriwa mara nyingi, na "saratani" hujitokeza karibu kwa maikroRNA yoyote. Weka jeni zinazofanya kazi kwenye tishu yako kuwa msingi wa ulinganisho. Rudia pia kwa maikroRNA kadhaa zilizochaguliwa kibahati. Njia inayojitokeza kwa zote, ifute.

Zikibaki jeni tatu au nne, agiza kipande cha ncha ya 3′ cha kila moja kwa jaribio la lusiferasi, pamoja na nakala ambayo herufi za mbegu zimebadilishwa. Kizuizi kikionekana kwenye kipande halisi na kutoweka kwenye nakala hiyo, pima na protini yenyewe ndani ya seli.