Masikio ya mbwa: kelele na usafi

Kama banda la mbwa liko karibu na jenereta au spika, lihamishe leo. Mbwa husikia sauti nyembamba za hadi takriban hezi 45,000 (yaani mitetemo 45,000 kwa sekunde), wakati binadamu huishia kwenye 20,000, na vile vinyweleo vinavyopokea sauti ndani ya sikio vikishaharibiwa na kelele havioti tena. Kipimo changu ni rahisi: ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye kando yako akusikie, hapo si mahali pa mbwa. Usiku wa fataki mwingize ndani, madirisha yafungwe. Kumziba masikio kwa pamba sikupendi. Ataitikisa itoke, au izame.

Usafi nao una namna yake. Njia ya sikio la mbwa hushuka kwanza, kisha hupinda kuelekea ndani, kwa hiyo kijiti cha pamba husukuma uchafu hadi kwenye kona usikoweza kuufikia. Tumia dawa ya kusafishia masikio ya mbwa: mimina, kanda shina la sikio mpaka usikie majimaji yakicheza ndani, mwache ajitikise (kaa mbali, utarushiwa), kisha futa kile tu unachokiona. Spiriti hapana, inawasha. Akishaoga mkaushe, hasa mwenye masikio ya kulala.

Ila ukiona wekundu, harufu mbaya, uchafu mweusi kama masalia ya kahawa, au kichwa kimeinamia upande mmoja, usimimine chochote. Ngoma ya sikio ikiwa imetoboka, dawa hiyohiyo inaweza kumdhuru. Daktari wa mifugo aangalie kwanza.