Namna ya Kuunganisha Betri na Mota za Moduli kwenye Bodaboda ya Umeme

Mfumo wa moduli, yaani wa vipande vinavyoweza kuongezwa au kubadilishwa kimoja kimoja, humwezesha mwenye bodaboda kuongeza betri, au kubadilisha mota peke yake inapoungua, bila kununua pikipiki nyingine, ila kwa sharti kwamba vifaa vyote vimechaguliwa kwa volti moja tangu mwanzo. Kwa pikipiki inayopandisha abiria Muyenga na Kololo, vilima vya Kampala, mimi ningechagua volti 72, kwa kuwa mota ya wati 3,000 huvuta takribani ampea 42 kwa volti hizo, ilhali kwa volti 48 huvuta zaidi ya 60, na nyaya hupata joto bure.

Anza na hesabu ya umbali. Betri ya volti 72 na ampea-saa 40 huhifadhi wati-saa 2,880. Pikipiki ikila wati-saa 35 kwa kilomita, nawe ukibakiza sehemu moja kwa tano ya chaji, utakwenda kilomita 65 hivi. Anayeshinda barabarani kutwa nzima atahitaji moduli ya pili.

Moduli mbili za volti 72 huunganishwa kwa usambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, kila moja ikiwa na fyuzi yake na saketi yake ya ulinzi, ile inayoizima betri mambo yakienda kombo. Kabla ya kuziunganisha, pima volti zake kwa multimita, na tofauti ikizidi nusu volti, ichaji kwanza ile iliyo chini, la sivyo iliyojaa itaimiminia mkondo mkubwa kwa ghafla. Usichanganye seli za lithiamu za fosfeti ya chuma, ambazo huwa na volti 3.2 kila moja, na seli za lithiamu zenye nikeli, ambazo huwa na volti 3.6, hata kama muuzaji anaapa kwamba zote ni za 72. Wala usiunganishe kwa mfululizo, yaani chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, betri mbili za volti 36 ambazo saketi zake hazikutengenezwa kwa kazi hiyo, kwani moja ikijizima, saketi yake hubeba volti zote na kuungua.

Kontrola, kifaa kinachodhibiti umeme unaotoka kwenye betri kwenda kwenye mota, nayo iweze kustahimili volti 84, ambazo ndizo za betri ya seli 20 za nikeli iliyojaa, na kikomo chake cha ampea kisizidi uwezo wa moduli moja, ili moja ikijizima nyingine isilemewe.

Kuhusu mota, ile ya ndani ya gurudumu haina mnyororo na haisumbui kwa matunzo, lakini kwenye milima ya Kampala ile ya katikati ya pikipiki, inayozungusha gurudumu kwa mnyororo, hufaa zaidi, kwa sababu unaweza kubadilisha sproketi, yaani gurudumu la meno la mnyororo, ili kupata nguvu ya kupandia.

Mwishowe inua gurudumu la nyuma, washa, na uongeze mwendo polepole. Likitetemeka bila kuzunguka, kagua mpangilio wa nyaya tatu nene za mota pamoja na zile nyembamba za sensa zinazoijulisha kontrola mahali mota ilipofika, na usiiteremshe pikipiki hadi lizunguke kwa ulaini.